Jana ilifunguka, leo haifunguki: maswali kuhusu IP ya nyumbani inayobadilika

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye intaneti ya nyumbani au ya duka hapa Mwanza, awe Nyegezi, Igoma, Buhongwa, Bwiru au ng'ambo kule Sengerema na Ukerewe, anayetaka kukifikia kitu chake akiwa mbali: kamera, kompyuta ya mafaili, mfumo wa stoo. Wengi huanza kwa kununua kifaa au kulipia huduma kabla hawajajua laini yao ni ya aina gani. Swali la tatu hapa chini ni refu kwa sababu hiyo. Ukiwa na haraka, lisome hilo kwanza.

## Anwani ya IP ya umma ni ipi, na hii ya 192.168 ni ipi?

Anwani ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Ya 192.168 ni ya ndani. Rauta inazigawia simu, runinga, DVR (kile kiboksi kinachorekodi picha za kamera) na kompyuta zilizomo nyumbani, na haitoki nje ya nyumba. Jirani yako wa Mkolani anayo hiyo hiyo na hamgongani, kwa sababu safu za namna hiyo (zinazoanza na 10, na 172.16 hadi 172.31, na 192.168) zilitengwa kwa matumizi ya ndani tangu 1996. Ya umma ndiyo dunia inayokutambua nayo. Anwani nyingi zilizogawiwa Afrika huanza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197.

## Kwa nini haitulii?

Kwa sababu si yako, umeazimwa. Anwani zote za IPv4, zile za mtindo wa zamani, ni kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani kwa Afrika, linazitoa kwa kubana sana tangu 2020. Mtoa huduma wako anazizungusha alizonazo kama vyumba vya gesti: ukitoka, anaingia mwingine, na ukirudi unapewa kilicho wazi.

Kwetu kinachowatoa watu ni umeme. TANESCO wakikata, au LUKU ikiisha usiku, rauta inazimika na kikao chake na mtoa huduma kinakufa. Ikiwaka inaomba upya na mara nyingi inapewa namba nyingine. Laini nyingine zina mkataba wa muda, na rauta ikirudi kabla muda haujaisha hupewa namba ile ile. Ndiyo maana kuna watu wanakaa miezi na IP moja wakadhani ni ya kudumu, mpaka siku wanapobadilisha rauta. Msimu wa mvua, na radi za ukanda huu wa ziwa, hali inakuwa mbaya zaidi.

UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, inasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Soma adapta ya rauta kwanza kama ni volti 9 au 12, halafu ununue inayolingana. Kama laini yako ni ya faiba na kile kiboksi chake kiko peke yake, nacho kiwekee. Ukiiokoa rauta peke yake na kiboksi kikazimika, hujafanya kitu.

## Nitajuaje kama IP ya umma ni yangu peke yangu au nachangia na watu?

Unahitaji karatasi na dakika chache.

Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1. Namba sahihi na nenosiri huwa zimebandikwa chini ya rauta. Ukishaingia, tafuta ukurasa wenye neno WAN au Status. Pale kuna mstari wenye anwani ambayo rauta imepewa kutoka nje. Iandike. Halafu, kwa Wi-Fi hiyo hiyo na VPN (njia ya siri ya kupitishia intaneti) ikiwa imezimwa, fungua tovuti ya kuonyesha IP, mfano ifconfig.me, uandike namba hiyo pembeni ya ile ya kwanza.

Zikifanana, una IP ya umma yako mwenyewe. Inaweza kuwa inabadilika kila wiki, lakini kwa muda ulio nayo ni yako, na dawa yake ni rahisi.

Zikitofautiana, angalia ya rauta inaanzaje. Ikianza na 100 na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, mfano 100.81.14.6, uko nyuma ya CGNAT. Maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma, na safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kazi hiyo. Ikianza na 10, mara nyingi ni hali ile ile, hasa kwenye rauta zinazotumia laini ya simu. Ikianza na 192.168, kwa kawaida una rauta mbili ndani ya nyumba, ya mtoa huduma na ile uliyoongeza mwenyewe. Hilo linatibika hapo hapo: ile yako igeuzwe iwe ya kusambaza Wi-Fi tu, kisha urudie kipimo kwenye rauta ya mtoa huduma.

Tahadhari: programu ya Tailscale, ya kuunganisha vifaa vilivyo mbali (tutaifikia chini), nayo huvipa vifaa namba zinazoanza na 100. Kwa hiyo usome namba kwenye ukurasa wa rauta, usisome kwenye simu.

Ukitaka uhakika, piga huduma kwa wateja uulize hivi: "Dada, habari za kazi. Naomba kujua laini yangu ina IP ya umma, au iko nyuma ya CGNAT?" Akikujibu "kaka, IP zetu zote zinabadilika," bado hajajibu ulichouliza. Kubadilika ni jambo moja, kuchangia ni jingine. Muombe kwa upole suala lipelekwe kwa watu wa ufundi.

## Fundi ameniwekea DDNS kwenye DVR na bado siioni kamera. Amenidanganya?

Huenda hajakudanganya, hajapima tu. Chukua stoo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba: kamera nne, DVR, rauta ya laini ya simu. Fundi anafungua akaunti ya DDNS, jina linakubali, anafungua poti (mlango wenye namba, wa kuingilia kutoka nje) kwenye rauta, anajaribu kwa Wi-Fi ya pale pale na picha inatokea. Mwenye stoo anarudi nyumbani Pasiansi, anafungua simu, hakuna kitu.

DDNS kazi yake ni moja: kulifanya jina lifuate namba inapohama. Kwenye CGNAT jina linaifuata namba ya mtoa huduma, ambayo wateja wengi mnaitumia pamoja. Ombi likifika pale mlangoni, mtambo wa mtoa huduma haujui ni la stoo ipi, unalitupa. Poti uliyofungua kwenye rauta yako haikuguswa kabisa. Hapo hata ubadilishe DVR mara ngapi, majibu ni yale yale.

## Mimi namba zimefanana. DDNS naiwekaje vizuri?

Hongera, uko pazuri. Angalia kwanza rauta yako. Nyingi zina sehemu imeandikwa DDNS, na huko ndiko pazuri zaidi kwa sababu rauta ndiyo ya kwanza kujua namba imebadilika. Kama haina, kompyuta yoyote isiyozimwa inatosha. Kwa DuckDNS, huduma ya DDNS ya bure, mstari mmoja kwenye cron ya Linux (inayoendesha amri kwa ratiba) unamaliza kazi:

*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=JINALAKO&token=TOKENIYAKO&ip="

Kila dakika 5 kompyuta inabisha hodi, na kwa kuwa umeacha wazi baada ya "ip=", wao wenyewe wanaisoma namba uliyotoka nayo. Tokeni hiyo, yaani ufunguo wa akaunti yako, ni siri. Aliye nayo anaweza kulielekeza jina lako kwake, kwa hiyo usiitume kwenye kundi la WhatsApp la mafundi.

Ukitumia No-IP ya bure, huduma nyingine ya DDNS, kumbuka wanataka uthibitishe jina kila siku 30, na barua pepe ya kukukumbusha huishia kwenye taka. Kamera nyingi "zilizokufa" zimekufa hapo.

Kama una jina lako mwenyewe la .co.tz, unaweza kuliongoza kwa DNS (huduma inayogeuza jina kuwa namba ya IP) ya kampuni inayoruhusu programu kubadilisha rekodi, mfano Cloudflare. Weka TTL ya sekunde 60 hadi 300. TTL ni muda ambao dunia inaruhusiwa kuikumbuka namba ya zamani. Ukiiacha saa 24, umeme ukikatika asubuhi kuna watu watakaokuwa wanabisha kwenye nyumba ya mtu mwingine mpaka kesho yake.

## Nikiwa nje inafunguka, nikiwa nyumbani haifunguki. Kwa nini?

Rauta nyingi za bei ndogo haziwezi kupokea ombi linalotoka ndani likijielekeza kwenye IP yake yenyewe ya nje. Hakuna kilichoharibika. Ukiwa nyumbani tumia anwani ya ndani ya kifaa. Na ukitaka kujaribu kama nje kunafanya kazi, zima Wi-Fi utumie data ya simu.

## IP ya umma haijabadilika kabisa, ila kamera imepotea. Imekuwaje?

Hili linatokea sana na watu wanamlaumu mtoa huduma bure. Baada ya umeme kurudi vifaa vyote vinawaka pamoja na kila kimoja kinaomba anwani ya ndani. DVR iliyokuwa 192.168.1.20 inaamka na 192.168.1.23, na poti bado inaelekea 20, ambako sasa hivi kuna simu ya mtoto. Ingia kwenye rauta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za ndani), uihifadhie DVR namba yake kwa kutumia anwani ya MAC, ile namba ya kiwandani ya kifaa. Ni kazi ya mara moja. Fundi anayeondoka bila kuifanya hajamaliza kazi.

## Niko nyuma ya CGNAT. Njia ni zipi?

Zote zina kanuni moja. Kwa kuwa kutoka nje hakuingiliki, kifaa cha ndani ndicho kinachotoka na kushika njia, na wewe unakutana nacho huko huko.

Ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi ni Tailscale. Unaiweka kwenye simu yako na kwenye kifaa kimoja cha nyumbani kisichozimwa: kompyuta ya zamani, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au rauta inayoikubali. Kile kifaa cha nyumbani unakiruhusu kipitishe mtandao mzima wa ndani, kwa hiyo DVR yenyewe haiwekewi chochote; ukiwa Geita au Dodoma unaandika 192.168.1.20 kana kwamba umekaa sebuleni. Kabla ya hapo hakikisha mtandao wa nyumbani hautumii safu ile ile na unakofungulia. Njia ya moja kwa moja ikishindikana, mawasiliano hupitia seva zao za kati, kasi inapungua, lakini yanabaki yamefungwa kwa ufunguo ambao wao hawana. Kwa matumizi binafsi ni bure.

Anayependa kushika kila kitu mwenyewe akodi seva ndogo yenye IP ya kudumu, aweke WireGuard, programu ya kujenga njia ya siri, pande zote mbili. Upande wa nyumbani usisahau mstari wa PersistentKeepalive = 25. Bila huo, mtambo wa CGNAT ukiona kimya unafuta njia, na wewe unabaki unashangaa kwa nini asubuhi ilikuwa inakubali. Uzuri wa njia hii ni kwamba IP ya nyumbani ibadilike mara kumi kwa siku, rauta itapiga upya kwenye seva na hutajua.

Ukitaka watu wote waone tovuti iliyo nyumbani kwako, kuna Cloudflare Tunnel. Inafaa kwa kurasa za kawaida. Kamera usiipitishe huko.

## Hizo ni VPN. Hapa Tanzania zinaruhusiwa?

Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN wazisajili, wakitoa na taarifa za anwani ya IP, mwisho ukiwa 30 Oktoba mwaka huo. Msingi wake ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. Kama una ofisi, duka au kituo cha afya kinachounganisha matawi, wasiliana na TCRA Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza ukamilishe utaratibu kabla ya kujenga mfumo. Usimtegemee fundi kwa jibu la sheria.

## Ile ya kuskani QR kwenye kamera si inatosha?

Kwa kuangalia picha tu, ndiyo, na haijali IP wala CGNAT, kwa sababu kamera yenyewe ndiyo inayopiga kwenye seva za mtengenezaji. Mama mwenye duka Mabatini anayetaka kuona mlango wake usiku hana haja ya zaidi ya hapo. Badilisha nenosiri, sasisha programu ya kamera, na akaunti iwe kwa jina na namba yako. Nimeona maduka ambayo akaunti ilifunguliwa kwa simu ya fundi, fundi akahama mji, na mwenye kamera hawezi hata kuongeza simu ya pili. Simama naye siku ya kufunga, akaunti ifunguliwe mbele yako.

## Ninunue IP ya kudumu?

Kwa nyumba, mara nyingi hapana. Watoa huduma wengi huiuza na vifurushi vya biashara na inalipiwa kila mwezi. Inastahili kwa ofisi inayopokea maombi kutoka nje muda wote, au inayounganisha matawi kwa vifaa visivyojua njia nyingine. Kabla hujalipa, uliza mambo mawili na majibu yaje kwa maandishi: je, ni ya umma kweli, maana inawezekana kukupa namba isiyobadilika iliyo nyuma ya CGNAT, nayo haikusaidii kitu, na je, ukihama kutoka Ilemela kwenda Nyamagana unahama nayo?

## Mfumo wa malipo unataka niwape IP moja isiyobadilika. Nafanya kazi nyumbani.

Vijana wengi wanaoandika programu hapa mjini wanakwama hapo. Usiwape ya nyumbani, hata kama wiki hii imetulia. Programu inayozungumza na benki au mtandao wa simu iishi kwenye seva ya kukodi yenye IP ya kudumu, na hiyo ndiyo uisajili kwao. Ukiwa unajaribu kutoka nyumbani, pitisha mawasiliano yako kwenye seva hiyo. Ukiandikisha ya nyumbani, umeme ukikatika Jumamosi malipo ya wateja yanagoma mpaka Jumatatu.

## IPv6 si imemaliza tatizo hili?

IPv6, aina mpya ya anwani zilizo nyingi mno, ingemaliza, kama kila mtandao ungekuwa nayo. Fungua test-ipv6.com ukiwa nyumbani, kisha kwa data ya simu. Pande zote mbili zikiwa nayo, kifaa chako kinaweza kufikiwa moja kwa moja bila kujali CGNAT. Lakini hata kiambishi cha IPv6, yaani sehemu ya mwanzo ya anwani, mtoa huduma anaweza kukibadilisha, hivyo DDNS bado inahitajika, safari hii kwa rekodi ya AAAA, ile ya DNS inayobeba anwani ya IPv6. Na ukuta wa moto wa rauta uwe umewashwa.

## Kufungua poti ni hatari kiasi gani?

Ni hatari, na ningependa kila fundi wa kamera hapa mjini alichukulie hivyo.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na nenosiri za kiwandani kwenye kamera, DVR na rauta. Haikuhitaji ujanja mkubwa: admin na nenosiri la kiwandani vilitosha. Vifaa vilivyotekwa vikatumika kushambulia wengine, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikaiangusha Dyn, kampuni ya DNS ambayo ndiyo iliyowazoesha wengi kutumia DDNS. Tovuti kubwa za Marekani hazikufunguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakujua kwamba zao zilishiriki.

Watu wanasema "nani atanijua mimi wa Buzuruga?" Hakuna anayekutafuta wewe. Zipo programu zinazopita kwenye namba zote moja baada ya nyingine mchana na usiku. Kubadilika kwa IP hakukulindi, na kuibadilisha poti ya 80 iwe 8080 kunachelewesha kidogo tu. Poti ya 3389, ya kuingilia kompyuta ya Windows kwa mbali, usiifungue kabisa. Kompyuta za ofisi nyingi zimefungiwa mafaili na wadai fidia kupitia hiyo. Kama una IP ya umma, fungua poti moja tu, ya WireGuard (51820 kwa kawaida), na mengine yote yapitie humo. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo kwa anayepitapita inaonekana kama hakuna kitu.

## Tovuti inasema niko Dar es Salaam, na Google inaniuliza kila mara kama mimi ni roboti.

Eneo linakisiwa kutokana na usajili wa anwani za mtoa huduma, na mara nyingi huangukia makao makuu au mtambo wao. Ya roboti inatokana na kuchangia IP: mmoja kati yenu kompyuta yake ina virusi, mnaulizwa wote.

## Nikizima na kuwasha rauta nipate IP mpya, sitatambulika?

Utatambulika. Mtoa huduma ana kumbukumbu ya nani alikuwa na namba gani saa ngapi, na tovuti zinakujua kwa akaunti uliyoingilia. Kwa upande mwingine, mtu wa kawaida akiipata IP yako hawezi kujua nyumba yako iko wapi.

## Nikiangalia kamera kwa mbali, bando inaenda kiasi gani?

Picha ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900 kwa saa, kutoka kwenye laini ya nyumbani na tena kutoka kwenye bando ya simu yako. DVR nyingi zina mkondo wa pili wa ubora mdogo; ukiweka kilobiti 512 inashuka hadi MB 230 hivi kwa kamera moja. Ukitazama kamera nne pamoja, zidisha kwa nne. Angalia pia kasi ya kupakia ya laini yako, siyo ya kupakua tu, kwa sababu picha inatoka nyumbani kwenda nje. Kwenye rauta ya laini ya simu kasi hiyo hushuka jioni watu wakirudi majumbani, na kamera inayokwama saa mbili usiku ikafunguka vizuri saa tisa usiku haina tatizo la IP.